Mistari Arobaini na Mmoja

Jericho, Nairobi
Jumapili, 12 Machi 1989

Kwa kaka Patrobas,

Nyumbani kwetu barua huanza na mulembe. Leo siianzi hivyo, maana neno hilo ni la kutakiana amani, na mimi na wewe hatuna amani ya kutakiana. Lakini Mama alinilea, kwa hiyo nakuuliza: u mzima? Kile kifua kilichokuwa kikikusumbua wakati wa baridi kimetulia? Na Mama, magoti yanamruhusu kufika kisimani? Mimi ni mzima. Ninakula, ninakwenda kazini, na nikikumbuka barua zako hasira inanipanda hata chai inanipalia. Basi salamu ni hizo. Tusidanganyane kwamba kuna zaidi.

Barua zako zote mbili zilifika. Ya Januari ilikuja kwa posta. Ya pili aliniletea mkononi Shitanda, jirani yetu anayeendesha basi la Bungoma, Jumanne iliyopita, imekunjwa kama karatasi ya kufungia njugu. Katika hiyo ya pili umeniita msaliti mara tatu. Nimehesabu. Umesema nilikalia kiti chako kabla hakijapoa. Umesema nikurudishie kitabu chako, niache kazi kwa Kisilu, na Pasaka nisikanyage nyumbani kwa sababu hutaki kuniona. Umeagiza mambo matatu na hukuweka tafadhali hata moja.

Sawa. Umesema yako, sasa usome yangu, na usome mpaka mwisho. Usiitupe katikati kama ulivyokuwa ukitupa kazi zangu.

Kwanza hicho kiti. Unakumbuka niliingiaje kwa bosi wetu Kisilu? Ni wewe uliyenileta, mwezi wa tatu mwaka wa 1986, nikiwa na cheti cha kupiga taipu na viatu vya kuazima. Ulimwambia Kisilu kwamba mdogo wako ana vidole vyepesi. Ofisi yenyewe ilikuwa ile ghorofa ya kwanza pale Eastleigh, juu ya duka la vitambaa la Yonis, na mashine mbili za kompyuta ambazo tulizifunika kwa shuka kila jioni kwa ajili ya vumbi. Kazi yangu na Njoki, taipisti mwenzangu, ilikuwa kuingiza majina. Majina kutwa. Ni mimi niliyeanza kukaa nyuma yako saa ya chakula nikiangalia unavyoandika programu. Hukunialika, wala hukunifukuza, na mimi sikudai shukrani wala sikutoa.

Kisha ukarudi kutoka Uskoti. Eh, Patrobas! Miezi sita tu ya kozi, ukarudi huvumiliki. Ulikuja na kile kitabu cha fotokopi kisicho na jalada, ukakiweka mezani kana kwamba ni Biblia ya kwanza kufika Eastlands, ukatuambia kwamba yote tuliyokuwa tukiandika ni takataka. Ulisema programu isiwe orodha ndefu ya amri kutoka juu hadi chini. Iwe vitu. Kila kitu kina mambo yake kinayoyajua, kina kazi yake moja, na kitu kingine kikitaka jambo kiliombe, kisijichukulie. Njoki aliniuliza baadaye kama ulikuwa umeokoka.

Nakiri, kaka, kwamba ulisema kweli. Inaniuma kukiri, lakini hii si barua ya kukuficha mambo.

Ila ulivyotufundisha! Mtu hafundishi punda hivyo. Programu yangu ya kwanza ilikuwa ya zahanati ya Sista Nduta kule Kayole, mtaa ukiwa bado mpya, nusu ya nyumba hazina madirisha. Niliiandika wiki tano. Ilikuwa kipande kimoja kirefu, kurasa kumi na nne za karatasi ya printa, kutoka kuandikisha mgonjwa hadi kupanga zamu za wauguzi. Ilifanya kazi. Nasema tena, ilifanya kazi. Uliisoma umesimama, hukuketi hata. Ukaniuliza kwamba Sista Nduta akitaka kubadilisha saa za zamu, nitagusa mahali pangapi. Nikahesabu, nikakuambia tisa. Ukaniuliza kama nina hakika. Nikahesabu tena, zikawa kumi na moja. Basi ukazichana zile kurasa katikati, Njoki akitazama, ukasema hiyo si programu, ni matumbo ya mbuzi wa machinjio ya Kiamaiko, mtu hajui yanaanzia wapi wala yanaishia wapi.

Nililia chooni. Sikukuambia, lakini sasa ujue.

Nikaandika tena. Mara hii niligawanya: Kadi ya mgonjwa peke yake, Ziara peke yake, Zamu peke yake, kila kimoja katika faili lake. Nikadhani utafurahi. Ukachukua biro nyekundu, na Kadi yangu ukaitupa, ukaiandika upya mwenyewe. Kisa ni kwamba mahali saba kitu changu cha Zamu kilikuwa kimeingia moja kwa moja ndani ya Kadi na kusoma tarehe bila kuiuliza Kadi yenyewe. Hapo ndipo lilipozaliwa lile neno lako.

Wakati huo tulikuwa tukila kwa Mirriam, nyuma ya jengo, maharagwe na chapati. Mirriam alikuwa na sheria moja: mteja anaagiza dirishani, anangoja. Siku moja yule fundi wa printa, Owino, alichoka kungoja, akaingia ndani akajipakulia. Mirriam alimpiga mkono kwa mwiko mpaka sahani ikaanguka. Akamwambia kwamba jikoni kwake anajua yeye sufuria ipi imeiva, ipi ina chumvi, na ipi ni dawa ya mama yake, na mtu akijipakulia akaharisha atasema Mirriam ndiye aliyempa sumu. Sisi tulicheka hadi machozi. Wewe hukucheka. Ulikaa na chapati mkononi kama mtu aliyepata ufunuo, ukasema ndilo somo lenyewe hilo, na tangu siku hiyo kila nilipogusa ndani ya kitu kingine bila kukiuliza, ulikuwa unaandika kwa herufi kubwa nyekundu: JIKONI! Karatasi moja ya mwezi wa tisa nimeitunza. Ina JIKONI kumi na sita. Ya kumi na sita ilitoboa karatasi.

Na lile jambo la ziara, unalikumbuka? Programu yangu ilikuwa inauliza kila mahali: huyu ni mtoto wa chanjo? Huyu ni mama mjamzito? Huyu ni wa dharura? Maswali hayo hayo mara ishirini. Ulinifungia mlango Jumamosi nzima, ukasema sitoki mpaka programu iache kuuliza. Nilikuchukia, Mungu ananiona. Alasiri ndipo nikaelewa: kila aina ya ziara iwe kitu chake, ijue yenyewe la kufanya, na programu iiambie tu ziara iendelee. Wiki mbili baadaye Sista Nduta akaanzisha huduma ya uzazi wa mpango. Niliandika faili moja jipya. Ya zamani sikugusa hata moja. Nikalipeleka, likaenda! Nilicheza kwenye ngazi za Yonis hadi Khadro, dada yake anayeuza naye dukani, akatoka kuangalia kuna nini. Wewe ulitazama, ukasema sasa nimeanza, ukarudi kazini. Ni hilo tu ulilosema, kwamba sasa nimeanza. Mtu mwingine angeninunulia hata soda.

Haya nakuandikia si kwa ajili ya kukumbusha yaliyopita. Nakuandikia ujue kwamba unaponiita msaliti unasema na mtu uliyemchana vipande mbele ya watu mwaka mzima, naye akakaa. Sikuenda kwa Kisilu kukuchongea. Kisilu aliponiambia nikalie kiti chako, nilikataa siku mbili. Siku ya tatu nilikubali, kwa sababu zahanati nne zilikuwa zikitegemea ile programu na hapakuwa na mwingine anayeijua. Ungependa nani akalie? Owino?

Na kitabu chako sikirudishi. Kina maandishi yangu mengi pembeni sasa kuliko yako.

Habari nyingine za huku ni chache. Njoki naye ameanza kuandika programu. Ninamfundisha. Wiki jana nilijisikia nikimpigia kelele JIKONI, kwa sauti yako, na mkono nimeuinua na biro. Njoki aliniangalia tu, akasema kama ni kuchana, nichane, ila yeye halii chooni. Niliketi. Niliona haya, na hasira yangu yote nikaielekeza kwako, kwa sababu ni wewe uliyenitia hiyo sauti.

Sasa nije kwa lile ambalo sisi wawili tunalizunguka. Mwaka jana, mwezi wa saba. Warigia Thuo.

Unajua ilivyokuwa, lakini niache niiandike. Msichana wa miaka ishirini na miwili, mimba ya miezi saba, alikwenda kwa Sista Nduta na kidonda cha mguu kilichooza. Mwili wake ulikuwa unaikataa penisilini tangu utotoni, na onyo hilo liliwahi kuandikwa kwenye kadi yake. Siku hiyo onyo halikuwepo. Muuguzi alitazama orodha iliyochapwa na mashine yetu, akaona ni safi, akampiga sindano. Walimfikisha hospitali kubwa, akapona yeye. Mtoto hakupona.

Siku ya tatu baba yake, mzee Thuo, alipanda ngazi zetu na wake zake wawili. Hakupiga kelele. Alitaka tu kuonyeshwa mashine iliyofuta neno la daktari. Kisilu alianza kuzungukazunguka, mara umeme, mara diski. Ni wewe uliyesimama ukasema programu ni yako, Kadi uliiandika kwa mkono wako, na kama onyo limepotea basi kosa ni lako hata kama bado hujaliona. Hukuapa wala hukulia. Kisilu alikufukuza kabla ya saa sita, na wewe ukabeba karatasi zote zenye programu ya Kadi, ukaenda nazo nyumbani ili ulitafute hilo kosa. Nilikusindikiza hadi kituo cha basi.

Jumanne Shitanda aliponipa barua yako, aliniambia na neno la Mama ambalo hukulijua. Mama alimtuma aniambie kwamba karatasi zile umezitandaza sakafuni nyumba nzima, hata kuku hawaingii. Kwamba unapita juu yake kila siku kwa magoti na rula, mstari kwa mstari, na ukifika mwisho unaanza tena. Kwamba kiwanda cha sukari kilikuita uwe mkubwa wa kompyuta yao, ukakataa, ukasema mtu asiyeweza kuliona kosa lake mwenyewe asikaribie mashine za watu. Miezi minane, Patrobas! Mama anaomba nikuandikie neno zuri. Alisema labda wewe husikii la mtu mwingine yeyote.

Sina neno zuri. Nina la kweli, na nimelikalia miezi minane, na matusi yote niliyoyaandika hapo juu nimeyaandika kwa sababu ni rahisi kukukasirikia kuliko kulitoa hili.

Kosa halimo humo. Acha kutafuta.

Mwezi wa tano, kama utakumbuka, ulikwenda nyumbani wiki moja kumzika mjomba. Jumamosi ile Kisilu aliniita. Sista Nduta alikuwa analalamika kwamba orodha ina majina yanayojirudia, na diski yetu ilikuwa imejaa pomoni. Alitaka isafishwe kufikia Jumatatu. Nilifanya ulivyonifundisha. Nilichukua kila jozi ya majina yanayofanana nikaiuliza Kadi kama hao wawili ni mtu mmoja. Kadi yako ilikubali ishirini na mbili, zile ambazo namba za kitambulisho zilikuwa zinalingana. Zilizobaki arobaini na moja ilikataa. Ilisema si mmoja mpaka namba ithibitishe.

Nikaona Kadi yako ni mjinga. Nisikilize, hivyo ndivyo nilivyofikiri: Patrobas amejidai tena, ameandika kitu kikaidi kama yeye. Nikatazama majina kwa macho yangu. Warigia Thuo, na chini yake Warigia Thuo. Baba mmoja, ploti moja Kayole, wamezaliwa mwaka mmoja. Nikacheka. Kwetu, baba yetu mzee Nalianya hana watoto wawili wa jina moja, kila mtu na lake, na mimi nilidhani dunia nzima ni ya Nalianya. Nilisema huyu ni mtu mmoja ambaye taipisti amemwandika mara mbili, na pengine taipisti huyo ni mimi. Sikujua kwamba kwa watu wa Njoki mwanamume mwenye wake wawili huzaa Warigia wawili, kwa sababu kila mke, binti yake wa kwanza humpa jina la mama wa mume. Njoki alikuwa ameketi hatua mbili kutoka kwangu. Nyumbani kwao kuna Njoki wawili. Ningeinua kichwa tu nikamuuliza, angenijibu huku anatafuna mandazi. Sikuuliza mtu yeyote.

Basi niliingia jikoni. Ile lugha yetu ya programu, Pascal, haikuwa lugha ya vitu, haikuweza kunizuia, hilo wewe ulilisema tangu mwanzo: kwamba kinachotuzuia kuingia ndani ya Kadi ni ahadi yetu tu. Niliandika programu ndogo, mistari arobaini na mmoja, iliyoingia moja kwa moja kwenye faili la kadi bila kupitia kwa Kadi. Jina sawa, baba sawa, ploti sawa, mwaka sawa: unganisha, bakiza kadi mpya, futa ya zamani. Kadi mpya ilikuwa ya yule Warigia wa mke mdogo, ambaye hana shida na sindano yoyote. Ya zamani ndiyo iliyokuwa na onyo. Na kwa kuwa Kadi haikuulizwa, haikumjulisha mtu. Ningekuwa nimepita kwake, chumba cha sindano kingepata habari kwamba onyo limeondolewa, na Sista Nduta angepiga kelele siku hiyo hiyo. Uliijenga hivyo. Mimi nilipita dirishani.

Ilikwenda kwa dakika nne. Orodha ikapungua, Kisilu akanipiga bega. Nilichapa ile programu kwenye karatasi nikuonyeshe Jumatatu. Kweli nilitaka kukuonyesha. Nilitaka uone kwamba mistari yangu arobaini na mmoja imefanya kilichoshinda Kadi yako. Ulirudi kutoka mazishini macho mekundu, hukunisalimia, kitu cha kwanza ulichosema ni kwamba nimeacha mashine bila shuka. Nikasema moyoni basi, kaa hivyo hivyo, sikuonyeshi. Nikaifuta kwenye diski. Ndiyo maana hukuiona ulipotafuta, na hutaiona kamwe kwenye hizo karatasi unazozipigia magoti.

Na nilijua lini? Usifikiri nimegundua jana. Nilijua siku ile ile, saa ile ile. Mzee Thuo alipokuwa anazungumza, mke mkubwa alisema Warigia wangu, na mke mdogo akamshika mkono akasema hata Warigia wangu analia kwa ajili yake. Nilikuwa nimesimama kando ya printa. Wawili! Niliijua mistari yangu yote arobaini na mmoja papo hapo. Kisha wewe ukasimama ukasema kosa ni lako, na mimi nikafunga mdomo. Nikaona mlango umefunguka nikapita. Hivyo ndivyo nilivyokipata kiti chako. Uliponiita msaliti ulikuwa unafikiri ni tusi.

Jana nilikwenda Kayole. Njoki alinisindikiza, maana nilimwambia yeye kwanza, Ijumaa. Alisema atakuja ili watu wanielewe. Tuliwakuta wote nyumbani. Niliwaeleza bila kuzunguka: si kaka yangu, ni mimi, na nikasema nilivyofanya na kwa nini. Mzee Thuo alitoka nje akasimama uani. Mke mkubwa aliniambia niondoke nyumbani kwake, nami nikasimama niondoke. Ni Warigia mwenyewe aliyenizuia. Aliniuliza jambo moja tu. Alitaka kujua, kati yake na dada yake, ni nani aliyebaki ndani ya ile mashine. Nilimjibu kwamba ni dada yake. Akaitikia kwa kichwa, akasema kwamba alikuwa anajiuliza, kwa sababu zahanati wakimwita jina tangu siku ile, huwa hainuki mpaka waite mara ya pili.

Sijui nilifikaje Jericho.

Kesho asubuhi namwambia Kisilu. Nimekwisha kuandika kwa taipu, nakala tatu: moja yake, moja ya Sista Nduta, moja ya mzee Thuo. Atanifukuza, na ikiwa wataamua kwenda polisi nitakwenda nao. Kadi zile nyingine arobaini nilizoziunganisha nimekuwa nikizifuatilia moja moja kwa siri tangu Agosti, kwa jina la kusahihisha, na nimezihakiki zote. Mbili nyingine zilikuwa za watu wawili, nikazitenganisha. Hakuna aliyedhurika. Hilo silisemi nipate sifa. Nalisema kwa sababu najua ndilo swali lako la kwanza.

Usinisamehe haraka, kaka. Nitakuona mnafiki ukifanya hivyo. Na bado nashikilia ulikuwa mkatili, na ungekuwa mtu wa kuambiwa jambo Jumatatu ile ningekuambia, na ungeliona kosa hilo kabla ya saa nne. Lakini hiyo ni hasira yangu, si udhuru wangu. Udhuru sina.

Okota hizo karatasi sakafuni. Zipange, zifunge kwa kamba, Mama apate nyumba yake na kuku waingie. Kesho kutwa nenda kiwandani uwaulize kama ile nafasi bado ipo. Nimezisoma karatasi zako zote, kurasa mia na tatu nilizozichapa tena kutoka kwenye diski, mara nyingi kuliko wewe, kwa sababu miezi hii yote nilikuwa natafuta humo hata kosa moja dogo lililo lako, nigawane nawe. Hamna.

Ndani ya bahasha hii nimetia ukurasa mmoja. Ndiyo ile mistari arobaini na mmoja, nakala niliyochapa ile Jumamosi, iko moja tu duniani. Usihangaike kutafuta biro. Nyekundu nimetia mwenyewe, neno moja, mstari wa tatu, pale ninapofungua faili la Kadi.

Msalimie Mama. Mwambie magoti ayapake mafuta ya moto kabla ya kulala, na Pasaka siji, mpaka wewe mwenyewe uniite. Mwambie sababu, usimfiche. Shitanda anaondoka leo saa nane, naye amekubali kukukabidhi barua hii mkononi, si kwa mtu mwingine.

Lile neno la mwanzo nililiweka nyuma kwa sababu nilikuwa sina haki nalo. Bado sina. Nalituma tu, ukilipokea au usipolipokea.

Mulembe, kaka.

Ni mimi mdogo wako, niliyeingia jikoni,
Nasike Nalianya